Krismasi ya jua kali: kwa nini Santa bado anavaa koti la manyoya?

#1 Kipepeo84
Wakuu salama? Nipo Perth, Australia Magharibi. Huku Desemba ndiyo joto linapamba moto. Krismasi ya 2021 ilifika nyuzijoto 42.8, lami inanata kwenye soli. Lakini ukiingia madukani unakuta Santa ana koti la manyoya, mkanda mpana na buti. Madirishani wamepuliza theluji ya kopo. Kadi zina kulungu na nyumba zinazofuka moshi kwenye bomba la jiko.

Maswali yangu ni mawili. Nani aliamua kwamba Krismasi lazima ivae nguo za baridi hata huku kizio cha kusini? Na hii nyekundu na kijani ilitoka wapi? Mwenye kujua ashushe.

#2 Mla Ndizi
Rahisi. Coca-Cola walimvisha Santa nyekundu mwaka 1931 ili wauze soda wakati wa baridi. Mengine ni mbwembwe. Uzi ufungwe.

#3 Mzee wa Maktaba
Usifunge bado, Mla Ndizi. Haddon Sundblom alianza kuwachorea Coca-Cola mwaka 1931, hapo sawa. Ila nyekundu ilikuwapo kabla yake. Thomas Nast alianza kumchora Santa kwenye jarida la Harper's Weekly mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vikiwa vimepamba moto, na mchoro ule wa kwanza ulimvisha nyota na mistari ya bendera, yuko kambini na askari wa Kaskazini. Michoro yake ya baadaye ya rangi ndiyo ikamvisha nyekundu. Kampuni ya White Rock nayo ilimtumia Santa kuuzia maji ya chupa mwaka 1915, miaka 16 kabla ya Sundblom.

Uingereza ya karne ya 19 mzee huyo alichorwa hata na joho la kijani. Coca-Cola walichofanya ni kuusambaza mchoro mmoja mpaka ukaifuta mingine vichwani mwa watu.

#4 Mla Ndizi
Kwa hiyo kumbe si soda, ni maji. Bado biashara ni ile ile. Hoja yangu imesimama wima.

#5 Sakristia
Nimetunza mavazi ya altare miaka mingi, niseme kidogo. Nyie mnabishana kuhusu rangi za duka. Rangi ya Kanisa siku ya Noeli ni nyeupe, au dhahabu kama parokia inayo. Majilio yote, yaani majuma ya kujiandaa kabla ya Noeli, ni zambarau, isipokuwa Dominika ya tatu, Gaudete, ambapo padre anaweza kuvaa waridi. Nyekundu inaingia tarehe 26, sikukuu ya Stefano shahidi. Tarehe 27 nyeupe inarudi kwa ajili ya Yohane. Tarehe 28 nyekundu tena, Watoto Mashahidi. Nyekundu hapo ni damu, haina uhusiano na furaha ya zawadi. Na kijani hukiona altareni mpaka msimu wa Noeli umalizike kwa Ubatizo wa Bwana.

Mpangilio huu ni wa kale. Innocent III aliandika kuhusu rangi za ibada hata kabla hajawa Papa mwaka 1198. Kwa hiyo mtu akiingia kanisani tarehe 25 na fulana nyekundu na kijani akidhani ameendana na altare, padre aliye mbele yake amevaa kitu kingine kabisa.

#6 Kipepeo84
Asante Sakristia, hilo la Stefano sikulijua. Lakini sasa umeongeza utata. Kama Kanisa linavaa nyeupe, rangi inayofaa kabisa kwenye jua, waumini tuliipata wapi nyekundu?

#7 Mzee wa Maktaba
Kuna maelezo zaidi ya moja, na hayakubaliani. Mojawapo ni la miti ya Ulaya isiyopukutisha majani wakati wa baridi. Majani ya kijani, vitunda vyekundu, ndivyo pekee vilivyokuwa na uhai kwenye theluji, watu wakavipeleka ndani.

Lingine: Ujerumani ya zama za kati, tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya Adamu na Hawa. Waliigiza habari za bustani ya Edeni, na mti waliotumia ulikuwa msonobari, kwa sababu miti mingine ilikuwa imebaki vijiti vitupu. Wakautundika matufaa. Hapo una kijani na nyekundu bila soda wala Santa.

#8 Mla Ndizi
Yaani tunavaa rangi za tunda la dhambi kusherehekea kuzaliwa Mwokozi? Sakristia njoo umwone huyu mzee.

#9 Sakristia
Mwache. Hapo kwa kweli kuna mahubiri mazuri tu: Adamu wa kwanza na Adamu wa pili. Tatizo ni kwamba waliopamba maduka hawakuwa wanahubiri.

#10 Fundi Cherehani
Mnaongelea rangi, mimi nashona. Rangi mnaionea. Mwaka 1980 watafiti walipima majoho ya Wabedui jangwani na kuchapisha kwenye jarida la Nature: joho jeusi na jeupe, joto linalofika mwilini ni lile lile, kwa sababu joho ni pana na hewa inapita ndani. Kinachomuua Santa ni kitambaa. Ile suti ya dukani ni poliesta yenye vinyweleo kama blanketi, ndani ina bitana ya poliesta, manyoya ya pindo nayo poliesta. Haifyonzi jasho, haipitishi hewa. Kisha unakaza mkanda kiunoni, ile hewa kidogo iliyokuwa inapanda kutoka chini unaikata. Nipe pamba nyepesi nyekundu ile ile, niache kiuno wazi, nitoe bitana, nikuwekee pindo jeupe la kitani, utashinda nayo juani na bado mtoto atakutambua.

#11 Jasho la Haki
Fundi umeongea kama uliniona. Niliwahi kufanya kazi ya Usanta kwenye jengo moja la maduka, Brisbane. Mwenye kazi simtaji. Ndani kuna kiyoyozi, huko hakuna shida. Shida ni pale unapotakiwa utoke ukawapokee watoto kwenye maegesho. Kuna kizibao unavaa ndani chenye mifuko ya jeli iliyogandishwa, nne kifuani na nne mgongoni. Nusu saa ya kwanza unatetemeka, baada ya hapo jeli imeyeyuka na umebeba mzigo wa maji vuguvugu. Ndevu sasa! Jasho la mdomo wa juu linaingia kwenye gundi, ndevu zinaanza kuachia upande mmoja. Ukicheka ile ho-ho-ho unashika shavu kama mwenye jino bovu.

Niliomba nivae kaptura. Meneja akasema wazazi wanalipia picha, na picha wanayoitaka ni ile ya koti. Sasa jibu la uzi si liko hapo? Wanaotaka koti ni wazazi.

#12 Mla Ndizi
"Wazazi wanalipia." Asante sana kwa ushahidi. Biashara.

#13 Tausi wa Auckland
Mbona mnaongea kana kwamba kusini hatuna chetu? New Zealand tuna pohutukawa. Ni mti wa pwani, hasa Kisiwa cha Kaskazini, unachanua nyekundu iliyokolea Desemba. Ua lake halina petali za kujitapa, ni kishada cha nyuzi nyuzi nyekundu kama brashi, na nyuzi zikidondoka barabara nzima inakuwa zulia. Ukigeuza jani, chini lina manyoya meupe mafupi. Nyekundu, kijani, nyeupe, vyote kwenye tawi moja, na halijui theluji.

Na si jambo la juzi. Hochstetter, mwanajiolojia, aliandika mwaka 1867 kwamba walowezi walipamba makanisa na nyumba kwa matawi yake wakati wa Krismasi. Kwa Wamaori mti huu ulikuwa na heshima yake zamani kabla ya mlowezi kufika. Pale ncha ya kaskazini, Te Rerenga Wairua, kuna pohutukawa mmoja ambao roho za waliofariki hushukia mizizi yake kuanza safari ya mwisho. Kwa hiyo nikivaa gauni jekundu la pamba tarehe 25 simwigi mtu wa Ulaya, navaa mti wa ufukweni kwetu.

#14 Ngalawa
Tausi kasema. Na Australia, Kipepeo84 usilalamike tu, toka nje uangalie. New South Wales kuna kichaka wanakiita cha Krismasi, Ceratopetalum gummiferum. Utamu wake huu: maua yenyewe ni madogo, meupe, yanatoka mapema. Yakishaisha, vijani vya nje vinavyoshika ua vinanenepa na kugeuka vyekundu, na Krismasi inavikuta hapo. Watu wanakata matawi wakidhani ni maua, kumbe maua yalishaondoka.

Huko kwako Perth una Nuytsia, mti wa Krismasi wa Australia Magharibi. Huo ni wa njano ya machungwa, unawaka kama moto porini. Na ni mnyonyaji: mizizi yake inakata mizizi ya majirani na kunyonya maji. Umewahi kukata hata nyaya zilizozikwa ardhini.

#15 Mla Ndizi
Mti unaoishi kwa jasho la wengine umepewa jina la Krismasi. Siongezi neno.

#16 Kipepeo84
Nuytsia naujua, kumbe mwizi! Ila Ngalawa, hiyo njano inaharibu hoja ya Tausi. Kama rangi zingetoka kwenye miti ya hapa, Perth tungevaa machungwa. Hatuvai. Tunavaa nyekundu na kijani kama London.

#17 Tausi wa Auckland
Perth ni Perth. Nimesema kwetu.

#18 Msafiri wa Kusini
Naona wote mmeng'ang'ania Santa. Niwapeleke Afrika Kusini. Vitongojini, nguo ya Krismasi kwa mtoto ni nguo MPYA, rangi yoyote. Mzazi anaanza kulipia kidogo kidogo miezi kabla. Asubuhi ya tarehe 25 watoto wanaoga, wanavaa kuanzia kiatu hadi miwani, wanapita nyumba kwa nyumba kuonyesha na kuomba peremende. Jua linachoma, kijana amevaa jaketi kwa sababu jaketi ni sehemu ya seti, na havui ng'o. Nimewahi kumwambia binamu wa mke wangu "vua hilo utazimia", akaniangalia kama nimemtukana mama yake.

Halafu Cape Town na miji ya jirani kuna bendi za Krismasi za jamii ya Makaladi, watu wa asili mchanganyiko. Wanapuliza saksofoni na tarumbeta, wanazunguka mitaa usiku wa kuamkia Krismasi kupigia familia nyimbo za dini. Sare yao ni koti la suti, tai, suruali iliyonyooshwa, kofia. Desemba! Kisha wanashindana, na moja ya vipengele vya mashindano ni bendi iliyovaa vizuri kuliko zote. Waamuzi wanaangalia mpaka soksi. Watu waliozaliwa kwenye ubaguzi, wakaambiwa hawana maana, wanapita barabarani wamenyooka namna ile. Mtu kama huyo utamwambia avae kaptura kwa sababu ya joto?

#19 Fundi Cherehani
Hapo nimekuelewa. Ila koti la suti la sufu nyepesi lina nafuu kuliko poliesta ya Santa. Sufu nyepesi inapumua. Wakitaka nawashonea.

#20 Jasho la Haki
Fundi anatafuta tenda kwenye uzi wa Bwana 😂

#21 Mtoto wa Mchungaji
Naongezea kwa Msafiri wa Kusini hapo #18. Mama zetu wa Manyano, umoja wa sala wa akina mama wa Kimethodisti, huko huko Afrika Kusini: blauzi nyekundu, sketi nyeusi, kola na kofia nyeupe. Nyekundu ni damu ya Yesu, nyeusi ni dhambi, nyeupe ni kutakaswa. Huwaambii kitu kuhusu joto. Mtu anapokea sare baada ya kuthibitishwa, ni kama kiapo.

Upande wa pili kuna wafuasi wa nabii Shembe, Wanazareti. Mwezi Januari, joto la KwaZulu-Natal likiwa juu, wanapanda mlima Nhlangakazi peku, wamevaa kanzu nyeupe. Kanisa jingine, hali ya hewa ile ile, rangi tofauti kabisa. Kwa hiyo anayesema hali ya hewa inachagua vazi, hapo atueleze.

#22 Sakristia
Mtoto wa Mchungaji amegusa penyewe. Vazi la ibada halishonwi kwa kipimajoto.

#23 Kipepeo84
Lakini Sakristia, Santa si vazi la ibada.

#24 Sakristia
Alikuwa! Santa ametokana na Mtakatifu Nikolao, na Nikolao alikuwa askofu wa Myra, Uturuki ya leo, karne ya nne, pwani ya bahari ya Mediterania. Mifupa yake ilihamishiwa Bari, Italia, mwaka 1087. Sikukuu yake tarehe 6 Desemba. Mtu wa pwani yule. Mkimrudishia nguo zake za kiaskofu atakuwa na joho jepesi na kofia ya kiaskofu, na shida ya Jasho la Haki itakuwa imekwisha.

#25 Mama Kiara
Mimi niko São Paulo. Brazil walijaribu kufanya mnachokitaka, hawakufua dafu. Miaka ya 1930, enzi za rais Vargas, wazalendo walisema huyu mzee wa theluji ni mgeni, wakamleta Vovô Índio, Babu Mhindi Mwekundu wa msituni, awe ndiye anayegawa zawadi badala ya Papai Noel, ndiye Santa wetu. Chama cha Waintegralisti, wazalendo wa mrengo mkali wa kulia, kikamshabikia. Watoto hawakumtaka. Leo ukitaja jina lake watu wengi hawamjui, Papai Noel ameketi dukani na koti lake.

Na msisikie stori za mitandaoni kwamba Santa wa Brazil anavaa hariri kwa ajili ya joto. Wote niliowaona mimi wana manyoya kama wa Jasho la Haki. Kusini kwetu kuna mji wa Gramado, tangu 1986 wana tamasha la Natal Luz, wanatengeneza hadi theluji bandia. Watu wanasafiri mbali kuifuata. Sasa utasema wamelazimishwa na nani?

#26 Mla Ndizi
Na hoteli za Gramado zinasemaje kuhusu hilo, mama? Zinalia?

#27 Mama Kiara
Zinacheka, mwanangu, sikatai. Lakini Vovô Índio alikuwa na chama kizima nyuma yake na bado akashindwa. Biashara inamuuzia mtu anachokitamani. Kutamani kwenyewe kumetoka wapi, hapo soda yako haijajibu.

#28 Mzee wa Maktaba
Mama Kiara ameuliza swali zito kuliko la mwenye uzi. Mimi naona mtu wa kusini anaitamani theluji kwa sababu hana. Anaipokea kama anavyopokea malaika na ngamia wa Mamajusi, vitu vya hadithi. Hakuna anayeuliza kwa nini ngamia yupo kwenye pango la Krismasi la Norway.

#29 Ngalawa
Mimi nailaumu kalenda. Aurelian, kaisari wa Roma, alimjengea mungu Jua Lisiloshindwa hekalu mwaka 274, na orodha ya Kirumi ya mwaka 354 inataja kuzaliwa Kristo tarehe 25 Desemba. Siku zikiwa fupi kabisa kaskazini, jua linaanza kurudi. Mishumaa, moto, taa, vyote vina maana gizani. Kusini tarehe hizo ndiyo mchana mrefu kuliko wote. Taa ya nini?

#30 Sakristia
Kuna wanaopinga hilo, Ngalawa. Wanasema wazee wa Kanisa walihesabu kutoka 25 Machi, siku ya kutungwa mimba, wakaongeza miezi tisa. Jua halihusiki.

#31 Tausi wa Auckland
Kuhusu mishumaa, waulizeni Melbourne. Mwaka 1938 mtangazaji wa redio Norman Banks aliwakusanya watu Alexandra Gardens waimbe nyimbo za Krismasi wameshika mishumaa. Ilianza saa sita usiku, wakaja kama elfu kumi. Inasemekana wazo lilimjia mwaka uliotangulia, alipomwona mama mzee dirishani anafuatisha nyimbo za redio huku mshumaa unamulika uso. Siku hizi wanaanza mapema, na jua la Melbourne Desemba linazama karibu saa tatu kasorobo usiku, kwa hiyo nyimbo za mwanzo mishumaa haionekani hata kidogo. Watu wako na kandambili na vikapu vya chakula kwenye nyasi, wanasubiri giza. Hiyo nayo ni mila ya kusini, kwa sababu kaskazini huwezi kukaa nje usiku huo.

#32 Jasho la Haki
Dunedin je? Nasikia huko jua linazama saa tatu na nusu usiku. Watoto wanalala saa ngapi ili Santa apite?

#33 Tausi wa Auckland
Hawalali. Ndiyo jibu.

#34 Chura Kiziwi
Mmewasahau Waethiopia. Krismasi yao Genna ni tarehe 7 Januari, wote shuka nyeupe za pamba, netela, hakuna Santa. Hao ndio watu wa joto waliojua kuvaa!

#35 Mzee wa Maktaba
Genna na netela, sawa. Watu wa joto, hapana. Ethiopia iko kaskazini mwa ikweta, na Lalibela wanakokusanyika mahujaji iko mita kama 2,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Januari ni baridi kweli kweli, wanajifunika hizo shuka kwa kuhitaji. Ukitafuta mfano wa vazi la joto, hapo umegonga mlima.

#36 Chura Kiziwi
Basi weupe unabaki, joto mchukue. Hata Brazil si wanavaa nyeupe?

#37 Mama Kiara
Hiyo ni mkesha wa Mwaka Mpya. Copacabana yote nyeupe, watu wanarusha maua baharini kwa Iemanjá, mungu wa kike wa bahari. Imetoka kwenye Candomblé na Umbanda, dini zetu zenye asili ya Afrika, na siku hizi hata Mkatoliki wa kila Jumapili anavaa nyeupe akisema ni ya amani. Wengine wanaficha chupi ya rangi ndani: nyekundu kwa mapenzi, njano kwa pesa.

#38 Mla Ndizi
Njano inauzwa saizi gani?

#39 Mtoto wa Mchungaji
Uzi umeharibika rasmi 😂

#40 Kipepeo84
Turudi kidogo. Mbona Pasaka Australia imeweza kubadilika? Sungura huku ni janga la mashamba, kwa hiyo madukani utakuta chokoleti ya bilby, kamnyama ka jangwani kenye masikio marefu kaliko hatarini kutoweka. Watu wamempokea vizuri tu. Kwa nini bilby amepita na Vovô Índio akakwama?

#41 Ngalawa
Kwa sababu bilby ana masikio kama ya sungura. Mtoto hakuona tofauti.

#42 Mama Kiara
Na hakuna chama kilichomwambia mtoto kwamba sungura ni msaliti wa taifa.

#43 Msafiri wa Kusini
Kuna jambo Kipepeo84 hujalitaja, Krismasi ya Julai. Huko huko Australia, Blue Mountains, hoteli zinapamba mti, zinawasha moto, wageni wanavaa masweta ya kulungu katikati ya mwaka. Hizo nguo za baridi wamezipatia msimu wake, sasa Desemba wangeziacha. Hawajaziacha. Wana Krismasi mbili na koti ni lile lile.

#44 Sakristia
Julai ipi, bila Majilio, bila Misa ya mkesha? Hiyo ni karamu ya baridi. Msiipe jina la Bwana.

#45 Mla Ndizi
Hoteli, tena. Sina la kuongeza.

#46 Fundi Cherehani
Jasho la Haki, kile kizibao cha jeli kimeshonwa mifuko ya ndani au inabandikwa kwa velkro? Nina wazo.

#47 Jasho la Haki
Mifuko ya ndani, inafunguka juu. Velkro inanasa manyoya ya koti. Nikutumie picha faragha?

#48 Fundi Cherehani
Tuma. Na vipimo vya kifua na urefu wa mgongo.